Kuondoa Maji ya Mvua Uani: Hesabu Kabla ya Chombo

Katika nyumba nyingi za Mji Mkongwe wa Unguja, vyumba huzunguka ua ulio wazi juu. Ua huo huleta mwanga na hewa. Lakini wakati wa masika, yaani tangu Machi hadi Mei, hupokea pia mvua pamoja na maji yateremkayo kutoka mapaani. Mtaro wa kutolea maji ukiziba, ua hugeuka birika. Hapo ndipo mwenye nyumba hujiuliza: maji haya yaondolewe kwa chombo gani? Makala haya yaonyesha namna ya kulijibu swali hilo kwa kipimo na hesabu, badala ya kukisia dukani.

Hatari ya maji yaliyotuama

Kuta za nyumba hizo zimejengwa kwa mawe ya matumbawe yaliyounganishwa kwa chokaa. Mawe na chokaa vina vinyweleo vingi vyembamba. Maji yaliyosimama chini ya ukuta hupanda ndani ya vinyweleo hivyo, kama mafuta ya taa yapandavyo katika utambi, nayo hubeba chumvi. Maji yanapokauka, chumvi hubaki na kufanya fuwele. Fuwele zikikua hupasua plasta na kuudhoofisha ukuta. Kuupaka ukuta saruji hakuponyi maradhi haya, kwa sababu saruji huuzuia unyevu usitoke nje. Aidha, maji yakichanganyika na ya chooni huweza kueneza kipindupindu, na yakikaa siku nyingi huwa mazalio ya mbu.

Kupima mzigo

Mvua ya milimita 1 juu ya eneo la mita 1 ya mraba ni lita 1 ya maji. Ichukuliwe kwamba ua una urefu wa mita 8 na upana wa mita 5, na kwamba sehemu ya paa inayomwaga maji uani ni mita 60 za mraba. Eneo lote linalokusanya maji ni:

(8 × 5) + 60 = mita 100 za mraba.

Mvua ikinyesha milimita 50, na mtaro ukiwa umeziba, ua utapokea lita 100 × 50 = 5,000, yaani tani 5 za maji. Wengi husahau kulihesabu paa, na hapa paa peke yake limeleta lita 3,000.

Wakazi wa nchi za baridi nao hufanya hesabu kama hii kabla ya kuchagua koleo au mashine ya kuondolea theluji mbele ya nyumba. Theluji mpya laini ina kiasi cha kilo 100 katika kila mita ya ujazo. Kwa hiyo theluji ya kina cha sentimita 10 juu ya mita 40 za mraba ina kilo 400 hivi. Mvua ya milimita 50, ambayo ni nusu ya kina hicho, juu ya eneo hilo hilo ina kilo 2,000. Maji ni mazito kuliko theluji hiyo, ila yana sifa moja njema: yakipewa njia, huondoka yenyewe.

Kazi na nguvu

Iwapo maji hayo hayana budi kuinuliwa mita 1 ili yatoke, kazi inayotakiwa ni uzito kuzidisha kimo:

5,000 × 10 × 1 = jouli 50,000.

Mtu mzima mwenye afya aweza kutoa nguvu ya wati 75 kwa muda mrefu. Kwa hesabu tupu angemaliza kazi kwa sekunde 667, yaani dakika 11 hivi. Lakini akitumia ndoo ya lita 10, atachota mara 500. Kila safari ikichukua nusu dakika, kazi itadumu saa 4 na dakika 10. Tofauti hiyo yatoka wapi? Kila anapoinama na kuinuka, mtu huinua pia kiwiliwili chake, kisha hutembea hadi mlangoni na kurudi. Nguvu nyingi yapotea kwa mtu mwenyewe, si kwa maji.

Pampu ikitakiwa kumaliza kazi hiyo kwa saa 1, nguvu yake halisi ni 50,000 ÷ 3,600, yaani wati 14 hivi. Ikiwa ufanisi wake ni asilimia 25, itahitaji wati 56. Maji yakipitishwa juu ya ukuta wa mita 3, itahitaji wati 168. Kwa hiyo pampu ya wati 250 yatosha, na anayenunua ya wati 1,000 ametupa fedha.

Upana wa mpira nao una neno. Kwa mwendo huo wa maji, mpira wenye kipenyo cha milimita 25 na urefu wa mita 10 huleta upinzani ulio sawa na kuinua maji mita 3 zaidi, na ile pampu ya wati 250 itashindwa. Mpira wa milimita 50 hupunguza upinzani huo hadi kiasi cha sehemu moja ya thelathini.

Kulinganisha vyombo

(a) Mteremko na mtaro. Sakafu ikiteremka sentimita 1 kwa kila mita 1, maji hutoka bila gharama ya kila siku. Kuzibua mtaro kabla ya masika ndiyo kazi ya kwanza. Hata hivyo, bahari yafaa iangaliwe: wakati wa bamvua, tofauti kati ya maji kujaa na kupwa pwani ya Unguja hufikia takriban mita 4. Mtaro unaomwaga baharini ukifunikwa na maji kujaa, maji ya mjini hukawia. Saa 6 hivi baadaye bahari huwa imekupwa, na njia hufunguka.

(b) Mpira uliojazwa maji. Nje pakiwa chini kuliko uani, mpira uliojazwa maji na kupitishwa juu ya kizingiti utayavuta maji yenyewe, bila injini.

(c) Ubao wenye ukingo wa mpira na mpini mrefu. Hufaa kwa maji machache ambayo pampu haiwezi kuyafikia. Mpini mrefu humwepusha mtu na kuinama.

(d) Pampu ya mkono. Ni ya polepole, lakini haitegemei umeme.

(e) Pampu ya umeme ya kuzamishwa. Ni nyepesi na ya haraka. Lakini Unguja hupata umeme kutoka Bara kwa waya uliolazwa chini ya bahari. Mwaka 1980 uliwekwa waya wa kwanza, na hitilafu zilikiacha kisiwa gizani kwa wiki kadhaa mwaka 2008, na tena kwa miezi 3 hivi kuanzia Desemba 2009. Waya wa pili, wenye uwezo wa megawati 100, ulianza kazi mwaka 2013. Hata hivyo, mwenye pampu hii asiitupe ndoo. Mtu asiingie majini pampu ikiwa imewashwa, na soketi iwe mahali pa juu na pakavu.

(f) Pampu ya petroli. Yafaa kwa bonde au mtaa mzima. Uani si mahali pake, kwani moshi wake una kaboni monoksidi, gesi isiyo na harufu inayoua.

Jirani na kichochoro

Vichochoro vya Mji Mkongwe ni vyembamba. Maji yanayosukumwa nje haraka kuliko mtaro unavyoweza kuyapokea huingia mlango wa pili. Kwa hiyo mwendo wa pampu upimwe pia kwa uwezo wa mtaro. Tatizo lililohamishiwa kwa jirani halijatatuliwa.

Kwa muhtasari, mtu apime eneo, kina cha mvua na kimo cha kuinua; azibue mtaro; kisha ndipo achague chombo. Aliyeanza na chombo huenda akanunua kikubwa mno au kidogo mno.

Mazoezi

1. Pima ua wa shule na sehemu ya paa inayomwaga maji humo. Mvua ya milimita 20 italeta lita ngapi?

2. Tafuta kazi ya kuyainua maji hayo mita 2, na nguvu ya pampu itakayoyamaliza kwa nusu saa, ikiwa ufanisi wake ni asilimia 25.

3. Simamisha kipande cha jiwe la matumbawe katika sahani yenye maji ya chumvi. Pima kimo cha unyevu kila saa, kisha uchore grafu. Ueleze kinachoonekana juu ya jiwe likikauka.