Siti binti Saad katika Wasifu wa Shaaban Robert: Kutoka Usia hadi Ushahidi

1.0 Utangulizi

Shaaban Robert (1909–1962), mzaliwa wa Vibambani karibu na Tanga, alitoa Wasifu wa Siti binti Saad mwaka 1958. Makala haya yanadai kwamba kitabu hicho, pamoja na thamani yake kubwa, kimewazoesha wasomaji kumtazama Siti kama kielelezo cha bidii na maadili kuliko kama msanii wa maneno.

2.0 Maisha

Siti alizaliwa Fumba, Unguja, mnamo mwaka 1880, akaitwa Mtumwa. Hakupata elimu ya shule. Aliuza vyungu kabla ya kuhamia mjini. Taarabu ya kasri ilipokuwa ikiimbwa kwa Kiarabu, yeye na wenzake waliimba kwa Kiswahili cha watu wa kawaida. Mwaka 1928 walikwenda Bombay kurekodi santuri. Alifariki mwaka 1950.

3.0 Nafsi na hadhira

Katika Utenzi wa Mwana Kupona (1858), mama anamuusia binti yake hasa kwa vitenzi vya kuamuru vya umoja, na mada kuu ni wajibu wa mke nyumbani. Shaaban Robert aliyafuata mapokeo hayo katika Utenzi wa Hati, aliomtungia binti yake.

Wimbo wa Siti uitwao Kijiti una mwelekeo tofauti. Unasimulia kuuawa kwa mwanamke mgeni. Muuaji anatajwa kwa jina na kitenzi cha kuamuru kimo katika wingi: umma mzima unaitwa utazame. Kwa kiambishi hicho kimoja wasikilizaji wanageuzwa mashahidi. Jambo hili lina uzito, kwa kuwa katika kisa chenyewe muuaji alitoroka, na waliofungwa ni wanawake waliotoa ushahidi.

Yawezekana kupinga kwamba nyimbo hizo zilitungwa kwa ushirikiano wa kikundi. Hoja hiyo haimwondolei Siti usanii. Ushairi wa Kiswahili ni wa kuimbwa, na mwimbaji ndiye anayeyafikisha maneno kwa hadhira.

4.0 Hitimisho

Wasifu umehifadhi heshima ya Siti. Santuri zimehifadhi kauli yake. Mtafiti anayesoma kitabu bila kusikiliza nyimbo humpata mwanamke mwema, lakini humkosa mwanamke aliyeusemea umma pale mahakama iliposhindwa kutenda haki.