Darsa la Ramadhani, siku ya 13: Kijana wa safu ya nyuma



 Kumi la kwanza limeshapita, na safu zimeanza kupungua, mmeona wenyewe. Usiku wa kwanza watu walisali mpaka barazani, sasa mikeka ya nje imekunjwa. Wale tunaowaita "Waislamu wa msimu" wamebaki wachache. Leo tuwazungumzie hao, ila tupitie mlango tusiouzoea sana hapa: elimu ya saikolojia.

Kulikuwa na Mmarekani mmoja, Carl Rogers, aliyezaliwa mwaka 1902 karibu na Chicago, akafariki 1987. Hakuwa Muislamu. Alilelewa katika nyumba ya Kikristo yenye dini kali, akasoma kilimo, kisha theolojia, mwisho akaingia saikolojia. Yeye na wenzake akina Abraham Maslow ndio walioanzisha njia inayoitwa saikolojia ya kibinadamu. Zama zao kulikuwa na makundi mawili makubwa. Moja lilimtazama mtu kama kiumbe wa kufunzwa kwa zawadi na adhabu, jingine likamwona mateka wa matamanio yaliyofichika ndani yake. Wao wakasema hapana, mtu ana msukumo wa kukua, na msukumo huo haufi kirahisi.

Mfano aliokuwa akiutoa ni wa viazi, na waliolima watauelewa haraka. Utotoni kwao, viazi vya kula msimu wa baridi viliwekwa kwenye ghala la chini ya nyumba, dirisha moja dogo liko juu kabisa. Hakuna udongo, hakuna jua. Lakini viazi vilichipua hivyo hivyo! Machipukizi meupe, membamba, dhaifu, yakijinyoosha kuelekea kile kidirisha. Hayawi mmea wa maana, ila yanatafuta nuru. Rogers alisema ndivyo alivyowaona watu wenye maisha yaliyopinda ambao jamii imeshawakatia tamaa.

Sasa, nini kinampinda mtu? Jibu lake: kupendwa kwa masharti. Mtoto hawezi kuishi bila kupendwa. Akigundua kwamba anapendwa akiwa hivi tu, na akiwa vile anatupwa, anajifunza kuficha. Anakuwa na nafsi mbili, ya kuonyesha watu na ile ya kweli, na pengo kati yake linazidi kupanuka. Mwisho anajificha hata yeye mwenyewe. Na mtu atarekebisha vipi kitu ambacho hathubutu kukitazama? Ndiyo maana Rogers alishikilia kwamba mtu hubadilika akikubaliwa kwanza jinsi alivyo, si baada ya kubadilika.

Turudi msikitini. Kijana ameingia tarawehe, hajaonekana tangu Idi iliyopita. Mzee mmoja anageuka: "Ahaa, mwezi umekuleta!" Tunacheka. Naye anacheka, maana afanyeje? Lakini ujumbe umeshafika: nafasi yako hapa ni ya masharti. Hapo ana njia mbili. Avae sura ya uchamungu mpaka mwezi uandame, kanzu mpya na tasbihi mkononi, au kesho asije. Jamani, zote mbili tumemsaidia kuzichagua.

Najua swali linalokuja. "Ustadh, kwa hiyo tumwambie dhambi ni sawa tu?" Hapana. Na hapa ndipo tunapoachana na Rogers kidogo. Yeye aliamini mno kwamba mtu akipewa mazingira mazuri, ndani yake mwenyewe panatosha kumwongoza. Hata mwenzake wa njia hiyo hiyo, Rollo May, alimwandikia barua ya wazi mwaka 1982 akimpinga juu ya suala la uovu ndani ya binadamu. Sisi tunaikubali fitra, lakini tunaijua pia nafsi ammara, inayoamrisha maovu. Kuifuata kila inapotaka si kukua. Bila mujahada, bila hii njaa ya mchana na usingizi unaokatwa kwa daku, haishikiki.

Ila katika kutenganisha mtu na kosa lake, sisi tulikuwa na somo karne nyingi kabla ya Rogers. Bukhari amepokea habari ya sahaba aliyeitwa Abdullah, aliyekuwa akimchekesha Mtume (s.a.w.). Alikuwa akinywa pombe, akaletwa na kuadhibiwa zaidi ya mara moja. Siku moja mtu akamlaani, akishangaa ni mara ngapi ataletwa. Mtume akamkataza asimlaani, akabainisha kwamba mtu yule anampenda Allah na Mtume wake. Tazameni vizuri: adhabu haikufutwa. Kilichokatazwa ni kumlaani. Kosa lilibaki kosa, na mlevi yule hakuambiwa kwamba si wetu.

Basi akija, msogezee nafasi kwenye safu. Muulize jina, na hali ya nyumbani. Usimuulize alikuwa wapi miezi 11, hilo analijua kuliko wewe. Akikuamini atakusimulia mwenyewe, na hapo ndipo nasaha ina pa kukaa.

Usiku wa leo baada ya tarawehe kahawa na tende zitakuwa barazani kama kawaida. Ukimwona kijana amesimama peke yake pale kwenye viatu, mwite.