Trisikili inayotetemeka ikifika 40

Nilinunua matairi mawili ya nyuma ambayo sikuyahitaji, ndiyo maana naandika.

Trisikili yangu hubeba mchele na mawese kati ya Kasongo na Kabambare, safari ya zaidi ya kilomita 100. Ilianza kutetemeka kila ikifika kilomita 38 hadi 45 kwa saa. Chini ya hapo, shwari. Ukiipitisha 50, pale ardhi inaporuhusu, inatulia tena. (Mita ya mwendo ilikufa zamani; natumia simu.) Kijana wa gereji akasema bila hata kuinama: "Yaya, hiyo ni tairi." Nikalipa. Haikubadilika kitu.

Nikaanza upya, safari hii kwa kuiuliza mashine yenyewe. Tafuta kipande kilichonyooka, la sivyo makorongo yatakudanganya. Ifikishe kwenye mwendo ule mbaya kwa gia ya nne, kisha urudie mwendo uleule kwa gia ya tatu. Injini sasa inazunguka kwa kasi nyingine. Mtetemo usipobadilika, usiiguse injini wala raba zake. Halafu ukiwa kwenye mwendo huohuo bonyeza klachi, acha mzunguko wa injini ushuke wenyewe. Yangu iliendelea kutetemeka. Basi tatizo lilikuwa nyuma ya gia boksi, au kwenye gurudumu la mbele.

La mbele hujitangaza mikononi: usukani unacheza. Inua mbele, shika uma za mbele kwa chini, vuta na usukume; ukisikia "tk" ni beringi za shingo. Kwangu mikono ilikuwa salama, kilichoteseka ni makalio.

Sasa sikiliza mpigo. Tairi ya ukubwa wa hizi zetu, mzingo wake ni kama mita 1.75, kwa hiyo kwenye 40 inazunguka mara sita hivi kwa sekunde: unasikia dundu-dundu. Kardani, ule mti wa chuma unaotoka gia boksi kwenda difu ya ekseli ya nyuma, huzunguka mara kadhaa zaidi, na mtetemo wake ni wa mzinga wa nyuki. Wangu ulikuwa nyuki. Tena ulizidi trisikili ikiwa tupu. Nikipakia magunia, springi zinalala, kardani inanyooka, nyuki wanapungua. Hapo ndipo ningepaswa kuelewa.

Jaribio la kukata mzizi wa fitina: zuia gurudumu la mbele, inua ekseli ya nyuma juu ya magogo imara, toa magurudumu yote mawili, rudisha nati zishike ngoma za breki, washa na uingize gia taratibu. Kaa mbali, na usivae kikoi. Ikitetemeka bila magurudumu, tairi hazina kosa.

Ilitetemeka. Miezi miwili nyuma nilibadilishiwa krosi moja, kile kiungo cha msalaba kwenye ncha ya kardani, huko Kabambare. (Livingstone naye alikwama huko mwaka 1870, kwa vidonda vya miguu, angalau yeye hakuuziwa tairi.) Krosi ikifanya kazi kwenye pembe haizungushi sawasawa: kila mzunguko huharakisha mara mbili na kuchelewa mara mbili. Krosi ya pili hulifuta kosa la mwenzake, mradi uma za ncha zote mbili za kardani zilale usawa mmoja. Ile kardani ina sehemu mbili zinazochomekana kwa meno. Fundi alizichomoa, akazirudisha ameruka meno kadhaa. Krosi yenyewe ilikuwa nzima.

Nikachomoa, nikalinganisha uma kwa macho, nikachomeka, nikatia grisi. Nusu saa, bila kununua chochote. Tangu siku hiyo, kabla kardani haijafunguliwa naikwaruzia kwa msumari mstari mmoja unaopita sehemu zote mbili, fundi akiwa ananitazama vibaya.

Tairi moja mpya bado imefungwa. Nyingine iko uani, watoto wanaikalia.