Somo: Baridi ya Samaki na Hati za Kaboni



Wengi wetu hatuishi kwa karafuu peke yake. Mwaka ambao mikarafuu haikuzaa, bahari ndiyo itulishayo, na samaki asiyetiwa baridi huharibika kabla ya kufika sokoni. Kwa hiyo yafaa tujifunze jambo linalosemwa sana siku hizi, kwamba mwenye mashine ya barafu au chumba cha baridi akibadili mtambo wake aweza kupata fedha za kaboni. Ni kweli, lakini yako masharti.

Hati ya kaboni ni nini? Hati moja ni tani moja ya hewa ukaa ambayo ingetoka, ikazuiwa. Karafuu huonekana mizanini. Hapa twauza kitu kisichotokea. Ndiyo maana mnunuzi hudai vipimo vya kabla na vya baada.

Tani hizo zatoka wapi? Tuchukue mfano wa Shangani. Si ile ya Mji Mkongwe, bali kata ya pwani ya Mtwara. Tuseme mchuuzi wa samaki huko ana chumba cha baridi cha zamani.

Kwanza ni umeme. Mtwara huzalisha umeme kwa gesi ya Mnazi Bay, iliyogunduliwa mwaka 1982. Uniti moja ya umeme wa gesi hutoa yapata nusu kilo ya hewa ukaa. Mtambo mpya ukiokoa uniti 4,000 kwa mwaka, hizo ni tani 2.

Pili ni gesi iliyomo ndani ya mtambo, na hii wengi huisahau. Kilo moja ya gesi iitwayo R-404A ikivuja, hupasha dunia joto sawa na kilo 3,900 hivi za hewa ukaa. Zikivuja kilo 2 kwa mwaka, ni karibu tani 8. Tazameni jinsi uvujaji mdogo ulivyoushinda umeme mara nne! Amonia haina madhara hayo, na propani (R-290) karibu haina. Lakini amonia ni sumu na propani hushika moto, basi zisiguswe ila na fundi aliyefunzwa.

Jumla ni hati 10 kwa mwaka. Hizo hazitoshi hata kumlipa mkaguzi. Lakini wenye mitambo kama hiyo 50 wakijiunga, watakuwa na hati 500 na mkaguzi mmoja. Ndiyo faida ya ushirika.

Basi tushike mambo manne:

1. Tupime kabla ya kung'oa. Tuandike daftarini uniti za mita kila mwezi, na kilo za gesi kila fundi anapojaza. Bila daftari hakuna hati.

2. Gesi ya zamani isiachiwe hewani. Fundi aivute mtungini.

3. Lililokwisha kuamriwa na sheria halilipwi. Mkataba wa Montreal wa mwaka 1987 waikomesha R-22, na Nyongeza ya Kigali ya mwaka 2016 yapunguza gesi za jamii ya R-404A hatua kwa hatua. Anayechelewa hukuta nafasi imepungua.

4. Tusitie sahihi upesi. Tanzania Bara ina kanuni za biashara ya kaboni tangu mwaka 2022. Sisi wa visiwani tuulize kwanza Mamlaka ya Usimamizi wa Mazingira Zanzibar. Tusome mkataba tujue nani mwenye hati, na mgawo wetu ni kiasi gani.

Mwisho, tukumbuke kwamba fedha ya kwanza ni ile inayopungua katika bili ya umeme. Hiyo ni yako, ijapokuwa hati haikupatikana. Mtambo ukiweza kurudisha gharama yake kwa umeme uliookolewa, nunua. Anayenunua kwa kutegemea hati peke yake ni sawa na aliyekopa kwa karafuu zingali mtini, na mwisho wa deni la namna hiyo wazee wetu waliujua.