Chakula na Maji ya Kuku Viwekwe Wapi? Kijitabu kwa Kaya za Bukoba na Muleba

Kaya nyingi za Bukoba na Muleba hufuga kuku wa kienyeji kwa mtindo mmoja. Alfajiri mlango hufunguliwa, kuku hutawanyika kibanjani chini ya migomba na mibuni, na jioni hurudi wenyewe kulala. Katikati ya siku mama au mtoto huwarushia maganda ya ndizi, mabaki ya maharage au kiganja cha mahindi pale mlangoni mwa jiko. Maji hayafikiriwi sana, kwa kuwa huku kwetu mvua hainyimi.

Kijitabu hiki kinazungumzia jambo ambalo wafugaji wengi huliacha lijiamulie lenyewe: mahali pa kuweka chakula na maji. Kuku hukaa pale anapolishwa. Hapo ndipo atakapokunya na kuchakura, ndipo panya watakapofuata punje usiku, na ndipo mwewe atakapozoea kuja kuvizia vifaranga. Ukilishia mlangoni mwa jiko, umechagua kinyesi kiwe mlangoni mwa jiko. Ukichagua mahali kwa makusudi, unayahamisha yote hayo kwenda mahali unapoweza kuyadhibiti.

Mvua haitoshi kuwa maji ya kunywa

Ukanda wa ziwa, hasa mjini Bukoba na vijiji vya jirani, hupata karibu milimita 2,000 za mvua kwa mwaka. Kadiri unavyokwenda magharibi, mvua hupungua. Mvua hiyo huacha madimbwi uani, na kuku hunywa humo. Lakini dimbwi la uani hukusanya kinyesi cha kuku wote, cha bata na cha mbuzi, pamoja na maji ya sabuni yaliyooshea vyombo. Kuku mmoja mgonjwa akinywa hapo asubuhi, kufikia jioni kundi zima limeshanywa alichoacha.

Kuku mkubwa hunywa takriban robo lita kwa siku, yaani karibu mara mbili ya uzito wa chakula anachokula. Kuku 10 wanahitaji lita 2 na nusu, na zaidi kuanzia Juni hadi Agosti jua linapokaza. Mtetea anayetaga akikosa maji siku nzima hupunguza mayai, na huchukua siku kadhaa kurudia hali yake. Wapo wafugaji wanaonunua pumba na dagaa kwa fedha zao halafu wanashangaa mayai hayaongezeki, kumbe kinachokosekana ni dumu moja la maji safi kivulini.

Fukia madimbwi ya karibu na banda kwa udongo au kokoto. Kuku akikosa dimbwi na akaona chombo, atanywa kwenye chombo. Weka maji ambayo wewe mwenyewe usingeogopa kuyanywa, ya chemchemi, ya kisima au yaliyokingwa kwenye bati, na uyabadilishe kila siku hata kama hayajaisha.

Kuchagua mahali uani

Mahali pazuri pana paa juu, ardhi yake ni ya mwinuko kidogo, na unapaona ukiwa kwenye shughuli zako za kila siku. Upenu wa nyumba au wa banda unatosha. Pasipo na upenu, simamisha nguzo 4 na uezeke kwa nyasi au kipande cha bati. Kabla ya kuamua upande, tazama ukuta wa nyumba baada ya mvua ya upepo: upande uliolowa na kuchafuka kwa tope si upande wa kuweka chakula. Pumba iliyolowa huchacha kwa siku moja, na mahindi yaliyolowa huota ukungu. Baadhi ya ukungu hutoa sumukuvu, ambayo huharibu ini la kuku na hudhuru pia binadamu. Chakula chenye ukungu kisipewe kuku kwa kisingizio kwamba ni kuku tu.

Kivuli nacho kichunguzwe saa za mchana. Penye kivuli saa 2 asubuhi panaweza kuwa juani kabisa saa 7, na kuku huyaepuka maji yaliyopata moto. Tena chombo cha plastiki kinachopitisha mwanga kikikaa juani huota ukijani ndani.

Kuna mahali pa kuepuka, na pa kwanza kwetu ni uwanja wa kuanikia kahawa. Robusta ya Kagera hukaushwa juani ikiwa na maganda yake, na kaya nyingi bado zinaanika chini, kwenye mikeka au maturubai. Kuku wakilishwa karibu watapita juu ya kahawa, wataichakura na kuinyea, na kahawa ya namna hiyo hushuka ubora. Weka chakula cha kuku upande wa pili wa nyumba, na katika miezi ya mavuno uanze kuwalisha kabla hujatandaza kahawa, ili wawe wameshazoea kukaa kwao. Kichanja cha kuanikia kinaongeza usalama, lakini hakiondoi haja hiyo.

Pa pili ni mahali watoto wanaotambaa wanapocheza. Kinyesi cha kuku kina vijidudu vinavyosababisha kuhara kwa binadamu, na mtoto wa umri huo hutia kila kitu mdomoni. Hili tunalisisitiza kuliko mengine yote katika ukurasa huu. Pia weka chakula mbali na mitungi na ndoo za maji ya familia, na mbali na maharage machanga. Kuku aliyeshiba hachakuri sana, lakini mwenye njaa aliyelishwa kandokando ya shamba atalimaliza tuta kwa asubuhi moja. Kwenye migomba iliyokomaa hana madhara makubwa, isipokuwa akilishwa sehemu ileile kwa wiki nyingi, ndipo hutawanya matandazo na kuacha mizizi wazi. Ukiweza, hamisha kituo cha kulishia kila baada ya wiki moja au mbili. Samadi itasambaa kibanjani na ardhi itapata nafasi ya kukauka.

Ndani ya banda

Kosa linaloonekana mara nyingi ni chombo kuwekwa chini ya fito za kulalia. Kuku huacha kinyesi kingi usiku, na chote huangukia kwenye chakula cha kesho. Weka chakula na maji upande usio na fito, mbali na viota pia, ili mitetea wasichafue mayai wala kuzoea kuyadonoa.

Chakula na maji visikae bega kwa bega. Kuku akila pumba huingiza mdomo kwenye maji ukiwa na unga, na akinywa hurudi na matone kwenye pumba. Hatua 2 kati ya vyombo zinatosha kwa kuku wakubwa. Usiviweke mbalimbali mno, kwani kuku hula kidogo, hunywa kidogo, na kurudi tena.

Ukingo wa chombo uwe sawa na mgongo wa kuku anaposimama. Chombo kikikaa chini, kuku hukikanyaga, hukichakura na kumwaga. Kipandishe kwa matofali, au kitundike kwa kamba kutoka kwenye pao, ukiongeza urefu kadiri wanavyokua. Kijaze theluthi moja tu ya kina chake. Chombo kilichojaa pomoni hupoteza chakula kingi sakafuni, na chakula hicho ni fedha yako. Hesabu sentimita 10 za ukingo kwa kila kuku mkubwa. Penye ufinyu, majogoo na mitetea wakorofi hula, na wanyonge hudhoofu. Kama wana ugomvi, vyombo 2 vidogo vilivyotengana ni bora kuliko kimoja kikubwa.

Sehemu ya maji inahitaji uangalizi wa pekee. Vimelea vya koksidia, vinavyoleta kuhara damu kwa vifaranga, hutoka na kinyesi vikiwa bado havijaweza kuambukiza. Vikipata unyevu, joto na hewa, hukomaa ndani ya siku 1 au 2, kisha kifaranga akivimeza huugua. Matandazo yaliyolowa kuzunguka chombo cha maji huvipa vimelea hivyo kila vinachohitaji. Ndiyo maana inashauriwa kuweka chombo cha maji juu ya kichanja kifupi cha fito au juu ya kokoto, na kutoa matandazo yaliyolowa siku hiyohiyo. Ukisubiri usafi wa Jumamosi, umechelewa. Kwa hali ya hewa yetu yenye unyevu karibu mwaka mzima, hatua hii moja huokoa vifaranga wengi.

Vifaranga

Kifaranga huzama kwenye maji ya kina cha vidole viwili. Tumia kisahani chenye kokoto safi ndani, au dumu dogo lililotobolewa na kugeuzwa juu ya sahani ili maji yatoke kidogokidogo. Vifaranga wapya wapewe maji kwanza, kisha chakula. Viwe karibu na mama yao au karibu na joto, lakini si chini ya chanzo cha joto chenyewe, maana maji hupata moto na chakula hukauka.

Kuku mama na wenzake humaliza chakula cha vifaranga. Suluhisho ni tenga kubwa lililofunikwa, lenye nafasi za kupita kifaranga peke yake. Chakula chao kizuri, kama chenga za mahindi zilizochanganywa na dagaa waliosagwa au mchwa wa kichuguuni, kikae ndani ya tenga. Wakiwa humo, mwewe pia hawapati. Chini ya migomba mizito mwewe hupata shida kushuka, kwa hiyo tenga likae huko na si katikati ya uwanja mweupe.

Kwa chotara kama Kuroiler na Sasso, ambao hutegemea zaidi chakula cha kupewa, kuhesabu nafasi kwenye chombo ni muhimu zaidi. Wasichanganywe na kuku wa kienyeji kwenye chombo kimoja kabla ya kukaa peke yao wiki 2.

Ndege wa ziwani, panya na siafu

Januari 2017 nchi jirani ya Uganda ilitangaza mafua makali ya ndege, virusi vya H5N8. Yalionekana kwa ndege wa porini ufukweni mwa Ziwa Victoria karibu na Entebbe, na kwa bata na kuku huko Masaka, upande wa pili wa mpaka wa Kagera. Ziwa ni moja na ndege hawana mpaka. Kwa wanaoishi Kemondo, visiwani na vijiji vyote vya pwani ya ziwa, chombo cha maji kikae chini ya paa ambapo ndege wa porini hawafiki kirahisi, na bata wa nyumbani wawe na maji yao mbali na ya kuku. Bata huyageuza maji kuwa tope kwa dakika chache.

Lisha mara mbili, asubuhi na saa 11 jioni. Lishe ya jioni itolewe ndani ya banda. Huwarudisha kuku nyumbani kabla ya kicheche kutoka, na hukupa nafasi ya kuwahesabu. Wakishapanda fito, toa chakula kilichobaki na ukihifadhi kwenye ndoo yenye mfuniko, ili panya wasipate sababu ya kuja. Kwa siafu, simamisha miguu ya kichanja ndani ya makopo yenye maji na oili chafu kidogo. Majivu hufanya kazi yakiwa makavu tu. Yakinyeshewa, yarudishie upya.

Vyombo siku ya chanjo na siku ya ugonjwa

Ugonjwa wa mdondo ndio unaofagia mabanda. Chanjo ya I-2 hutolewa kwa tone moja la jicho kwa kila kuku, na hurudiwa kila baada ya miezi 3 au 4. Ikiwa mtaalamu amekupa chanjo ya kuwekwa kwenye maji ya kunywa, ondoa maji mengine yote kwa muda atakaokuelekeza, tumia maji yasiyo na dawa ya klorini, na ongeza vyombo vya plastiki mahali kadhaa ili wanyonge nao wanywe kabla chanjo haijaisha nguvu.

Kuku wakianza kufa ghafla, usihamishe vyombo vyao kwenda kwa jirani wala usiwauze walionusurika. Wafukie waliokufa kwenye shimo refu, mbali na kisima. Sugua vyombo kwa sabuni, vianike juani hadi vikauke kabisa, na mwite ofisa mifugo wa kata siku hiyohiyo.