Stakabadhi, Mkataba au Umiliki? Tatizo la Istilahi katika Hati ya Shehena

Utangulizi

Mkazi wa Shika Adabu, huko Likoni, anayetaka kupeleka bidhaa ng'ambo kwa meli hana budi kuvuka kwanza. Afisi nyingi za mawakala wa forodha zipo kisiwani, na feri impelekayo huko hukata mkondo uleule unaopitwa na meli ziingiazo na kutoka Kilindini; mara nyingine feri hungoja ili meli ipite. Meli basi anaijua tangu utotoni. Asichokijua ni karatasi atakayopewa baada ya mzigo wake kupakiwa, ambayo mawakala huitaja kwa herufi mbili tu, B na L. Makala haya yanachunguza istilahi za karatasi hiyo, ambayo hapa itaitwa hati ya shehena, na yanadai kwamba upungufu wa Kiswahili katika uwanja huu hautokani na uhaba wa maneno. Maneno yapo, yanatumiwa bila kutofautishwa, na hasara humfika mwenye mzigo.

Nyaraka zisizo na utata

Nyaraka nyingine zinaweza kupitwa kwa haraka. Ankara ya biashara hutaja bei. Orodha ya vifungashio hueleza kilichomo katika kila sanduku na uzani wake. Cheti cha asili hutaja nchi bidhaa zilikotengenezwa, na bidhaa za mimea au mbao huweza kuhitaji cheti cha afya ya mimea kutoka KEPHIS. Tamko la forodha huwasilishwa na wakala kwa njia ya mtandao kwa Mamlaka ya Ushuru, chini ya Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004. Tangu tarehe 1 Julai 2016, kontena lililojazwa halipakiwi melini kabla ya uzani wake kuthibitishwa kwa maandishi. Mtu akielezwa haya kwa Kiswahili huyaelewa mara moja, kwa sababu kila karatasi ina kazi moja.

Karatasi moja, kazi tatu

Hati ya shehena ina kazi tatu kwa pamoja. Kwanza, ni stakabadhi: mwenye meli anakiri kwamba amepokea mzigo. Pili, ni ushahidi wa mkataba wa uchukuzi. Tatu, na hapa ndipo penye uzito, huwakilisha mzigo wenyewe: bandari ya mwisho, mzigo hutolewa kwa anayeirudisha hati asilia. Maana hii imo katika Kanuni za Hamburg za mwaka 1978, ambazo Kenya ilijiunga nazo mwaka 1989. Matini rasmi za kanuni hizo ni za lugha sita, Kiarabu, Kichina, Kifaransa, Kihispania, Kiingereza na Kirusi, na zote zina hadhi sawa.

Katika mazungumzo ya kawaida karatasi hii huitwa "risiti ya meli". Jina hilo hubeba kazi ya kwanza na kuzificha nyingine mbili. Tuchukue mfano. Mkazi wa Shika Adabu amepata mnunuzi wa vinyago huko Hamburg. Wamekubaliana kwamba nusu ya bei italipwa mzigo ukishafika. Kwa desturi hati ya shehena hutolewa kwa seti ya nakala asilia 3, na moja ikishatumiwa kuchukulia mzigo, zilizobaki hupoteza nguvu. Akiambiwa kwamba hiyo ni risiti, mchongaji hatasita kumtumia mnunuzi nakala zote, au hata moja, ili naye awe na kumbukumbu. Risiti ina madhara gani? Lakini moja inatosha. Vinyago vitachukuliwa, na nusu ya pili ya bei itabaki kuwa ahadi ya mtu aliye ng'ambo.

Linalosikitisha ni kwamba neno stakabadhi, likichunguzwa kwa mzizi wake, lina zaidi ya risiti. Limetokana na Kiarabu, na lina undugu na kabidhi na takabadhi. Kiini chake ni kushika kitu mkononi. (Kushika ndicho kitenzi kilichomo katika jina la Shika Adabu, ingawa huko kinachoshikwa hakiwekwi ghalani.) Matumizi ya leo yamelifinya neno hilo hadi kuwa kijikaratasi cha dukani. Kwa hiyo afadhali hati ya shehena, jina lisiloahidi kazi moja tu, kisha anayelitumia aeleze kazi zote tatu.

Ipo pia karatasi inayofanana nayo sana kwa sura lakini isiyowakilisha mzigo. Kwa hiyo, mpokeaji aliyetajwa huthibitisha tu kwamba ndiye, akapewa vitu vyake. Inaweza kuitwa waraka wa uchukuzi. Mtu anayetuma vyombo vya nyumbani kwa ndugu yake hahitaji zaidi ya huo. Anayemuuzia mgeni kwa deni asiukubali.

Nani msafirishaji?

Kisanduku cha kwanza cha hati hiyo humtaja mwenye kutuma, na wengi hutafsiri jina lake kuwa msafirishaji. Hapa mofolojia inatupotosha. Kiambishi cha usababishi katika safirisha hakitaji jinsi safari inavyosababishwa: mwenye vinyago anavisafirisha, na mwenye meli pia anavisafirisha. Neno moja likaja kuwataja wahusika wawili ambao, mzigo ukipotea, watakuwa wadai na wadaiwa. Mpakiaji nalo humchanganya mwenye mali na kuli wa gatini. Panapendekezwa mtuma shehena kwa wa kwanza na mchukuzi kwa wa pili. Mchukuzi ni neno la kale la mbeba mizigo, na uchukuzi tayari limo katika jina la wizara. Wa tatu ni mpokea shehena. Wa nne, mjulishwa, hupewa habari tu kwamba meli imefika, na kutajwa kwake hakumpi haki juu ya mzigo.

Ugumu mwingine umo katika maelezo ya mzigo. Kontena likishafungwa na mtumaji, mchukuzi huandika kwamba yaliyomo ni kwa maneno ya mtumaji mwenyewe. Tafsiri ya haraka, "inasemekana lina vinyago", ina kosa la kisarufi lenye gharama: inasemekana humwondoa msemaji, ilhali shabaha ya kifungu ni kumbainisha. "Kwa kauli ya mtuma shehena" ndiyo sahihi. Vivyo hivyo hati huitwa safi pale mchukuzi asipoandika dosari yoyote kuhusu hali ya mzigo. Vumbi na madoa ya wino havihusiki.

Pendekezo

Ibara ya 7 ya Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inakitambua Kiswahili kuwa lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Hati yenyewe haitaacha Kiingereza karibuni, kwa kuwa husomwa na benki na bandari za mbali. Linalowezekana ni ukurasa mmoja wa Kiswahili unaoambatishwa kwayo, wenye kueleza kila kisanduku. Idara za Kiswahili zinaweza kuuandaa pamoja na mawakala, na istilahi zake, kuanzia na mtuma shehena, zijaribiwe kwa watu wanaongoja feri upande wa Likoni kabla ya kupelekwa katika kamusi yoyote.