Stima Imerudi, Lakini Malipo Hayaonekani Kwenye Kompyuta ya Duka: Ufanye Nini?

Chukulia uko Karatina, siku ya soko. Stima imepotea saa mbili asubuhi, ikarudi baada ya nusu saa. Umewasha kompyuta ya kaunta, programu ya mauzo imefunguka na foleni imeanza kusonga. Mama mmoja analipia unga na mafuta kwa simu. Unatazama skrini: kimya.

"Mama, hapa kwangu haijaingia."

"Imeingia, mwanangu. Ona meseji, pesa imetoka."

Wote wawili mnasema kweli. Swali hili hutufikia mara kwa mara kutoka kwa wenye maduka wa Nyeri, Othaya, Karatina na Nanyuki, hasa msimu wa mvua stima ikisumbua. Leo tutaeleza kinachotokea, na jinsi ya kukitatua bila kumlipisha mteja mara mbili.

Kwanza kabisa: pesa haijapotea

Kompyuta ya duka haishiki pesa. Pesa iko kwenye akaunti ya tili yako, na kompyuta inangoja kuletewa habari tu. Ikinyamaza, fanya hivi:

- Usimwambie mteja alipe tena.
- Usitegemee meseji iliyo kwenye simu ya mteja. Meseji hughushiwa, na matapeli hupenda sana siku ambayo skrini ya duka haifanyi kazi.
- Angalia simu yako ya biashara: salio na orodha ya miamala ya tili. Linganisha kodi ya muamala, kiasi na saa.
- Andika kodi hiyo kwenye daftari, ili uiingize kwenye programu ya mauzo mambo yakitengemaa.

Ukishaiona pesa kwenye tili, mpe mama mzigo wake aende.

Kwa nini kompyuta imenyamaza

Kila kompyuta ina milango ya mtandao yenye nambari, kuanzia 0 hadi 65535. Mafundi huiita poti. Programu inayopokea habari hukaa kwenye mlango wake na kusikiliza. Milango mingine ina wenyewe kwa mazoea: 80 na 443 ni ya tovuti, 3306 ni ya hifadhidata ya MySQL.

Kwa kawaida, programu mbili haziwezi kusikiliza kwenye mlango mmoja wa anwani moja kwa wakati mmoja. Ni kama nafasi ya kuuzia sokoni: anayefika alfajiri hutandaza gunia lake, na anayechelewa hukuta pamejaa. Tofauti ni kwamba programu iliyochelewa haipigi kelele. Huandika kosa kwenye faili ambayo hakuna anayeisoma, kisha hujizima.

Kompyuta ikiwaka, huduma nyingi huanza karibu kwa pamoja. Leo hii inatangulia, kesho ile. Ndiyo maana tatizo huja na kwenda. Pia huenda fundi aliweka programu nyingine miezi miwili iliyopita, nayo inataka mlango uleule. Kwa kuwa kompyuta haikuwahi kuzimwa, hukujua lolote mpaka stima ilipopotea.

Hata ile dawa ya "zima uwashe" hufanya kazi siku nyingine kwa sababu hiyohiyo: umerudia mbio, na safari hii programu yako imeshinda. Ugonjwa bado upo.

Mtambue aliyekaa mlangoni

Kwa kompyuta ya Windows:

1. Tafuta nambari ya mlango wa programu yako kwenye mipangilio yake, au muulize aliyeiweka. Tuseme ni 80.
2. Fungua Command Prompt kama msimamizi, uandike: `netstat -ano | findstr :80`
3. Tafuta mstari wenye neno LISTENING, ambao anwani yake ya kwanza inaishia na :80 kamili. Usichanganye na :8080. Nambari ya mwisho ya mstari huo ni kitambulisho cha programu iliyoushika mlango.
4. Andika: `tasklist /fi "PID eq 1234"`, ukiweka nambari uliyoipata badala ya 1234. Jina la programu litatokea.

Ukipata nambari 4 yenye jina System, ni Windows yenyewe imeushika mlango kwa niaba ya huduma fulani, mara nyingi World Wide Web Publishing Service. Usijaribu kuua nambari 4. Shughulika na hiyo huduma.

Kwa Linux, amri ni `sudo ss -ltnp`, na kosa utakaloliona kwenye kumbukumbu ni "Address already in use".

Tatua mara moja

Kwanza hifadhi nakala ya data ya mauzo. Kisha chagua njia moja.

*Ondoa usiyemhitaji.* Fungua services.msc, itafute ile huduma, na kwenye Startup type weka Manual au Disabled. Kama hujui kazi yake, usiiguse kabla ya kumuuliza fundi.

*Hamisha mmoja.* Kama zote mbili zinahitajika, ipe moja mlango mwingine ulio wazi, kwa mfano 8080 badala ya 80, au 3307 badala ya 3306. Lakini ukihama duka lazima uwaambie wateja. Kila kompyuta na simu inayotumia programu hiyo ibadilishwe anwani, na ukuta wa usalama wa kompyuta uruhusu mlango mpya.

Wengine huweka Automatic (Delayed Start) wakidhani wamemaliza. Mpangilio huo unafaa pale programu inapongoja hifadhidata iamke kwanza. Zikigombania mlango mmoja, hausaidii: umechagua tu nani atakosa.

Jaribu jioni baada ya kufunga, si katikati ya siku ya soko. Tumia Restart, kwa sababu kwenye Windows nyingi kuzima kwa kawaida hakuanzishi mfumo upya kabisa. Rudia mara mbili tatu, kila mara ukilipa kiasi kidogo kwenye tili yako kutoka simu nyingine. Habari ikifika kila mara, umepona. Mwisho, bandika karatasi karibu na kompyuta: programu gani, mlango gani. Fundi ajaye atakushukuru.

Tahadhari

Kurekebisha poti hakuhitaji nambari yako ya siri hata kidogo. Mtu akikupigia akisema "tunatengeneza mfumo, tupe PIN", au akitaka kuiongoza kompyuta yako kutoka mbali na wewe hukumwita, kata simu. Sisi hatutakuuliza nambari hiyo kamwe.

Ukikwama, wasiliana nasi kupitia programu yetu ya simu, ukiwa na kodi ya muamala na saa ya malipo. Kama pesa iko kwenye tili, tutakuthibitishia hata kama kompyuta yako bado imenyamaza.